Marehemu Anakusalimia

Mwalimu wa Taaluma alikuwa na baiskeli, lakini sijawahi kumwona juu yake. Aliisukuma. Ifakara nzima inaendesha baiskeli, wazee kwa vijana, akina mama na ndoo zao, mafundi na ngazi zao, na yeye alitembea pembeni ya baiskeli yake ameshika usukani, kama anayemsindikiza mgeni. Ukimuuliza sababu, alisema huwezi kumsalimia mtu huku unampita. Salamu inataka miguu miwili chini. Kwa hiyo kutoka kwake hadi shuleni, mwendo wa robo saa kwa mtu anayenyonga pedali, yeye alitumia saa nzima. Alisimama kwa mama wa vitumbua, kwa fundi cherehani, kwa kila mzee aliyekaa nje ya nyumba yake, akauliza habari za goti, za mahindi, za mtoto aliyekwenda kutafuta kibarua Mngeta. Kisha alifika shuleni amechelewa, akasimama getini kuwaadhibu waliochelewa.

Adhabu ilikuwa kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Alimgawia kila mmoja kipande chake, kisha akavua saa, akachukua fyekeo la mwisho, naye akafyeka kipande chake. "Sote tumechelewa," alisema. Siku moja mkuu wa shule alikuja na wageni kutoka wilayani, akamkuta mwalimu wake wa taaluma ameinama katikati ya wanafunzi, suruali imekunjwa hadi magotini, jasho linamtoka. Mkuu aliwapitisha wageni upande wa jikoni.

Namwita Mwalimu wa Taaluma kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, hata walimu wenzake, hata paroko. Jina lake ninalo, lakini kila nikiliandika naona kama namtaja mtu mwingine. Nataka kumweleza kwa haki, na kwangu hilo ni gumu, kwa sababu kwa miaka mingi niliamini kwamba ndiye aliyeninyima chuo. Nilimchukia kwa bidii ambayo ningeitumia kwenye masomo ningekuwa daktari bingwa sasa hivi. Lakini kabla hujaungana nami kumlaumu, ujue kwamba mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa na akili zangu timamu, mchana kweupe mbele ya meza yake, nilimuua bibi yangu mzaa baba.

Nitafika huko. Kwanza mpunga.

Alitufundisha kemia, na alikuwa na shamba la mpunga Katindiuka, na sidhani kama aliona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Kila anayelima mpunga anayajua mapepe, zile punje zinazoonekana nzima kwa nje lakini ukiziminya hamna kitu. Unamwaga mbegu kwenye ndoo ya maji, mapepe yanaelea, unayatoa, unapanda kilichobaki. Mwalimu alisahihisha kwa kalamu ya kijani, na jibu refu lililozunguka bila kufika hakulipiga mkasi wa kosa. Aliandika pembeni neno moja: "Pepe." Mimi ndiye niliyeongoza darasa kwa mapepe. Niliwahi kujaza ukurasa na nusu kwa swali ambalo jibu lake lilikuwa maneno manne. Neno lile aliliandika mara moja tu, ila kwa herufi zilizoshuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na dawati langu lote walilisoma kabla yangu.

Hakuwahi kusema mtu amefeli. Alisema amepumzika. "Wewe muhula huu umepumzika vizuri," alimwambia kijana aliyepata sifuri ya fizikia, kwa sauti ya mtu anayejali afya ya mwenzake. Sukari ya chai yake aliipima kwa mizani ya maabara, gramu kumi, haikuzidi wala haikupungua, lakini wali aliupika kwa macho, na ukimuuliza vipimo alikasirika kabisa. Kanisani aliimba besi. Besi yake ilikwenda njia yake peke yake, ikakutana na kwaya kwenye Amina.

Barua zake ziliogopwa. Anayetafuta kazi, chuo au nafasi yoyote alihitaji barua kutoka ofisi ya taaluma, na yeye aliandika anachokijua. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa mbele yetu alitaka kazi kwenye ghala la mpunga, Mwalimu akamwandikia: "Kijana huyu ni mwaminifu kabisa. Kazi za haraka hazimfai." Kaka wa watu alirudi karibu alie.

"Mwalimu, ungeniongezea kidogo tu."

"Nikikuongezea wewe, yule wa kesho atakayestahili nitamwandikia nini?"

Mwenye ghala aliisoma barua ile, akasema wenye haraka anao wengi na wote wamemwibia, akamchukua. Yupo hapo mpaka leo. Kisa hicho tulikisimulia sana, na tulikicheka, na hakuna aliyejifunza kitu.

Jambo la mwisho ni misiba. Kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi yake lilining'inia shati la bluu, limepigwa pasi wakati wote. Akifiwa mpishi, mlinzi, mzazi, mwanafunzi aliyemaliza zamani, Mwalimu alivaa shati lile akaenda. Alikwenda hata miezi miwili baadaye kama habari ilimfikia kwa kuchelewa. "Pole haiozi," alisema. Akifika hakuhubiri, hakutaja mapenzi ya Mungu. Alikaa kwenye mkeka, akanyamaza, kisha akauliza marehemu alipenda kula nini. Watu waliojikaza tangu asubuhi walivunjika kwenye swali hilo, wakaanza kueleza habari za magimbi na samaki huku wanalia. Harusini alikuwa anaondoka kabla ya chakula, eti huko hawamhitaji.

Ningekuwa na akili ambazo ripoti zangu zilidai ninazo, shati lile lingetosha kunionya.

Maana nilikuwa na ripoti nzuri, hilo lazima niliseme. Kidato cha tano nilimaliza wa kwanza, divisheni wani ya pointi tatu, na shule nzima ikaanza kuniita Daktari. Mwalimu mwenyewe aliniletea fomu za chuo kimoja cha nje kilichokuwa kinatafuta wasichana wa kusomea udaktari kwa ufadhili, tukazijaza pamoja, na Desemba jibu likaja. Walisema wamenikubali, kwa sharti kwamba matokeo ya kidato cha sita yabaki pale pale. Neno "wamenikubali" nililisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Sharti nililisoma mara moja, na nilikuwa na usingizi.

Likizo ya Krismasi nilikwenda kwenye mitumba nikanunua koti la baridi, zito, la sufu, lenye vifungo vikubwa. Nilisikia kwamba huko niendako kuna baridi kali, nikaona heri nianze kuzoea. Nikalivaa. Januari, Katindiuka, jua la saa saba, na mimi napita barabarani na koti mpaka magotini. Akina mama waliokuwa wanatoka kupalilia walisimama kuniuliza kama nina homa. Nikawajibu kwa Kiingereza. Siandiki hili ili unicheke. Naliandika kwa sababu wao bado wananicheka, na ni vizuri ulipate kutoka kwangu.

Vitabu sikuvigusa. Nilijifunza saini ya kidaktari, ile isiyosomeka, na niliipata vizuri sana. Februari ikaja moko, mtihani wa majaribio wa kidato cha sita, nikauingia kama mtu anayewatembelea ndugu. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa Machi: divisheni thrii. Kemia, somo lake yeye mwenyewe, nilikuwa na E.

Chuo kilitaka kuona ripoti hiyo, nayo ikapelekwa. Kikatuma barua shuleni: matokeo yameshuka sana, shule ieleze kwa maandishi ndani ya wiki tatu, na kama kuna sababu ya msingi, mfano ugonjwa au msiba, itazingatiwa. Nafasi yangu yote ilikuwa imebaki kwenye maelezo hayo. Nilipoisoma barua ile mkononi mwa karani niliona wamenitengenezea mlango. Ugonjwa ungehitaji cheti cha hospitali. Msiba, nilifikiri, hauna cheti.

Mwalimu aliniita mchana, baada ya ugali.

"Daktari," alisema, "umepumzika."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hawa wanauliza kwa nini. Na mimi nauliza."

"Nilifiwa, Mwalimu."

Kalamu ya kijani ikasimama hewani. "Ulifiwa na nani?"

Nilikuwa nimemwandaa mjomba, mjomba ambaye hayupo, nimempa hata ugonjwa. Lakini macho ya Mwalimu yalikuwa yananitazama kwa huruma kubwa kiasi kwamba mjomba alinikimbia, likatoka lililokuwa karibu. "Bibi. Mzaa baba."

"Lini?"

"Januari, mwanzoni."

"Wapi?"

"Masagati."

Hapo nilijiona nimecheza vizuri. Masagati ni mbele ya Mlimba, unashuka kwenye treni halafu safari ndiyo kwanza inaanza, na mwezi Machi barabara inageuka mto na madaraja ya miti yanasombwa. Simu zilikuwa hazishiki huko. Wazazi wangu walikuwa wamehamia shamba la mpunga ng'ambo ya mto kama kila msimu, nyumba ina kufuli, hakuna wa kumuuliza. Kumbe nilikuwa namweleza habari hizo mtu mwenye shati msumarini.

"Na hukusema?"

"Sikutaka kuwasumbua walimu."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza, polepole, "Alikuwa anapenda kula nini?"

Nilijibu ukweli. Nilisema alipenda kambale mkavu wa kuchemsha na majani ya maboga, na kwamba ukoko wa wali alimwachia mjukuu aliyeamka mapema. Nikiwa bado nasema nikaanza kulia, kilio cha kweli, mimi mwuaji mwenyewe, mpaka akaja mwalimu wa jiografia kuona kuna nini.

Kesho yake alitangaza mstarini. Wanafunzi wote walisimama kimya dakika nzima kwa heshima ya mwanamke ambaye saa hiyo, kwa hesabu yangu, alikuwa anapalilia mahindi. Wasichana wa bweni langu waliimba. Shule ikatoa debe la mchele kutoka shamba la shule, liende na salamu za rambirambi, na sikuhitaji kuuliza nani atalipeleka. Shati halikuwepo msumarini.

Nilimkimbilia getini. "Mwalimu, usiende, barabara ni mbaya sana. Madaraja yamesombwa."

"Pole haiozi," alisema, "lakini mpelekaji ataoza akisubiri kiangazi." Na akapakia debe kwenye baiskeli, akaisukuma kuelekea stesheni.

Ilikuwa Ijumaa. Siku nne zile nilizitumia vizuri kidini. Nilianza novena ya kuomba mvua. Niliomba madaraja yaliyobaki nayo yaondoke, treni iharibike mahali penye chakula, Bibi awe amekwenda kijiji cha pili kwa dada yake. Ikanyesha kweli, ikanyesha mpaka uwanja wa mpira ukawa bwawa, nikaona Mungu yuko upande wangu.

Jumanne akarudi. Alikuwa na matope yaliyokauka hadi juu ya magoti, shati halijulikani lilikuwa la rangi gani, na mkononi alikuwa na kuku, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Alinikuta nje ya maabara. Alinitazama, akaninyooshea kuku.

"Marehemu anakusalimia," alisema. "Anauliza mbona huendi kumwona."

Kuku alinijibia, akapiga kelele.

"Mwalimu..."

"Mpeleke jikoni kwanza, ana kiu."

Hakunichapa. Hakutangaza mstarini, hakuwaita wazazi, wenzangu waliendelea kunipa pole mpaka tunamaliza shule, na kila pole niliimeza. Jioni ile aliniita, akanisomea kwa Kiswahili barua aliyokuwa amekiandikia chuo kwa Kiingereza. Naikumbuka yote, si ndefu:

"Matokeo ya binti huyu yameshuka kwa sababu aliacha kusoma. Aliacha kusoma kwa sababu tulimsifu mapema, ninyi na mimi. Hakuugua. Hakufiwa. Bibi yake ni mzima, nimemwona kwa macho yangu. Ana akili za kutosha na aibu ya kutosha. Akili alikuwa nazo siku zote, aibu ameipata wiki hii. Mkimchukua, msimsifu mpaka amalize."

"Mwalimu, hawatanichukua," nilisema.

"Inawezekana."

"Ungeandika tu kwamba nilikuwa na matatizo."

"Matatizo gani? Koti?"

Hawakunichukua. Jibu lilikuja Aprili, la adabu sana. Walishukuru kwa ukweli wa shule, wakasikitika, wakanitakia heri. Mwalimu alinipa barua hiyo pamoja na mafungu mawili ya mitihani ya miaka ya nyuma. "Mtihani wa taifa ni mwezi ujao," alisema. "Huo hausomi barua ya mtu." Kila siku baada ya masomo alinifundisha nyuma ya maabara, mimi peke yangu, kwenye benchi karibu na nyasi zile, na mimi nilikaa pale nikijifunza kutoka kwa mtu niliyekuwa namchukia. Nilipata divisheni tuu. Nikaenda chuo cha matabibu, diploma, mwendo wa siku moja kutoka nyumbani, mahali pasipohitaji koti.

Sikumshukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko uongo wenyewe. Nilikuwa nikija Ifakara likizo namwona anakuja na baiskeli yake pembeni, tayari amepunguza mwendo ili anisalimie, na mimi natupa shikamoo kama unavyowatupia kuku chenga, napita. Nilijiambia kwamba mtu mwenye huruma angeandika sentensi moja tofauti. Sentensi moja tu! Niliwaza hivyo kwa miaka, nikiwa na stethoskopu shingoni, mbele ya foleni ya wagonjwa, kwenye zahanati ninayofanyia kazi huku upande wa Mngeta.

Na Bibi naye sikuweza kumtazama. Nilikwenda Masagati kila mwaka, kwa sababu nisingeweza kukwepa, na kila mwaka, tukiwa tumekaa jikoni, alianza.

"Mwalimu wako hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Ule mchele wake ulikuwa mtamu. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyeletewa." Na alicheka, akinitazama machoni, mpaka akafuta machozi kwa pembe ya khanga.

Nilijua ananisuta. Mtu amekula wali wa msiba wake mwenyewe, msiba aliotangaziwa na mjukuu wake, ana haki ya kumsuta mpaka kufa. Mwaka wa kwanza nilimpelekea lile koti, kama faini, maana Masagati asubuhi kuna baridi. Alilivaa kanisani. Lakini kila alipoutaja mchele nilikumbuka ghafla kwamba zahanati wananihitaji, nikaondoka siku moja kabla ya niliyopanga. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilisubiri aseme yeye wazi, na yeye aliishia kucheka tu.

Mwaka jana kiangazi aliugua, nikaenda, nikakaa naye siku kumi na mbili. Nilimtibu kwa nilichokuwa nacho, lakini uzee nao una siku zake. Alifariki mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu, na ni mimi niliyepima mapigo, nikapima tena, nikasubiri, nikapima tena. Kazi yangu sasa inanitaka nithibitishe kifo kabla ya kukitangaza. Nilipanda kwenye kichuguu ambako simu sasa hushika, nikawapigia ndugu. Mwisho nikakaa na simu mkononi muda mrefu, halafu nikamwandikia Mwalimu wa Taaluma: "Shikamoo Mwalimu. Bibi amefariki. Ni kweli."

Alijibu neno moja. "Nakuja."

Alikuwa amestaafu miaka kadhaa. Bodaboda alishuka mwanzoni mwa kijiji, akatembea kilichobaki ili awasalimie watu, akichechemea, na shati la bluu, jipya kidogo kuliko lile. Nilimpokea mkoba. Shikamoo yangu ya siku hiyo ilikuwa na miguu miwili chini. Alinishika bega, akasema pole, hakuongeza kitu, akaenda kukaa mkekani na wanaume. Wazee wa pale walimpisha kama wanayemjua.

Baada ya kuzika, mwenyekiti wa kitongoji alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma watoto, wajukuu, jumuiya. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Jambo moja halikuandikwa," alisema, "na mama huyu angenidai. Katika kitongoji hiki chote, ni yeye peke yake aliyewahi kuletewa zawadi na shule. Mwalimu alitoka Ifakara, mwezi Machi, mvua inanyesha, amebeba debe la mchele kichwani kutoka pale daraja lilipokatika. Alikuja kumpongeza kwa sababu mjukuu wake ana akili. Alimwambia, Mama, huyu mtoto atakuja kuwatibu watu wa huku. Mama aliupika ule mchele akatuita wote, tukala. Hakuna mwaka ambao hakutuhadithia. Mwalimu mwenyewe yule pale, na mjukuu mwenyewe yule pale."

Watu waligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilikaa pale nikahesabu ziara zangu zote. Mwalimu wako hajambo. Ule mchele ulikuwa mtamu. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anajivunia mimi, kila mwaka, usoni pangu, na mimi nilikuwa nakimbia. Nililia mpaka shangazi akanishika kiuno.

Watu walipoanza kugawiwa chakula nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, nyuma ya jiko.

"Mwalimu, ulimdanganya."

"Nilimkuta anatwanga," alisema. "Akaacha mchi, akanipa kiti, akaniletea maji ya kunawa. Akauliza mgeni nimeletwa na nini. Sasa ulitaka nimwambie nimekuja kumzika?"

"Na barua yangu je? Sentensi moja, Mwalimu. Mbona kule hukuweza?"

Alifikiri. Hakuonekana kukasirika. "Kule waliuliza kilichotokea. Huku niliulizwa na mama wa watu aliyekuwa na furaha ya kupata mgeni." Akafuta miwani. "Na sijalala vizuri kwa huo uongo. Kila matokeo yako yalipotoka niliangalia kama umenitoa kwenye uongo huo au bado niko ndani."

Nilitaka kusema asante, ile niliyokuwa nadaiwa tangu benchi la nyuma ya maabara, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye alikuwa ameinama anakunja mguu wa suruali, polepole, mpaka chini ya goti. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na karibu na kifundo kulikuwa na kidonda kilichofungwa kitambaa.

"Nilimwambia utakuja kutibu watu," alisema. "Na mimi ni mtu. Nitazame."

Nikapiga magoti kwenye pumba, nikauweka mguu wake kwenye paja langu, nikafungua kitambaa. Nilibonyeza juu ya kifundo, kishimo cha kidole kikabaki. Nikamuuliza maswali yote, ya kisukari, ya presha, ya mkojo, naye alijibu kama mwanafunzi. Kisha nikamwambia ukweli bila kuzungusha: mguu huu si wa kuchezea, kesho tunateremka pamoja hadi zahanati kwangu, tunapima damu, na kutembea akisukuma baiskeli Ifakara nzima kumekwisha, kuanzia sasa apumzike.

Alinitazama juu ya miwani, kwa macho yale yale ya siku ile ofisini.

"Una uhakika, Daktari?"

"Nimeuona kwa macho yangu," nikasema.